Simu moja, wanafunzi 78 na makopo ya maharage

Nilipowaambia walimu wenzangu kwamba nataka kufundisha sayansi kwa vifaa vya kidijitali, karibu wote walinijibu neno moja: projekta. Nikaazima. Tukatundika shuka jeupe, tukaziba madirisha kwa kanga, nikawawekea darasa la tano video ya mbegu inavyoota. Watoto 78, kimya kabisa. Nikaondoka nimefurahi. Kesho yake nikauliza kati ya mzizi na shina kipi hutangulia kutoka. Ikanyooshwa mikono miwili. Iliniuma. Kazi yote nilikuwa nimeifanya mimi, wao walikuwa watazamaji.

Nikarudisha projekta, nikatoa simu yangu mwenyewe. Nilichoongeza ni memori kadi tu, kama shilingi 15,000 hivi. Kila kundi likapanda makopo mawili, moja la maharage na jingine la mahindi, na simu ikawa inapokezanwa. Weka simu kwenye hali ya ndege kabla hujawakabidhi, maana simu ya nyumbani ikiita katikati ya kipindi umewapoteza.

Picha za kwanza hazikufaa. Huyu kapiga kwa juu, yule kwa ubavu. Ukizipanga, mche unarukaruka. Nikaanza kuulizia bei za stendi mjini. Binti mmoja akaniambia, "Mwalimu, si tuiegemeze kwenye matofali?" Wakapanga matofali mawili, wakachora chaki kuyazunguka, wakachora na duara pa kuweka kopo. Kila siku saa 2 asubuhi, kabla jua halijafika dirishani na kuleta kivuli, picha moja. Siku 14, picha 14. Tukaziunga kwa programu ya simu, nusu sekunde kila moja. Kwa sekunde 7 tuliona haragwe likipasua udongo, shingo imepinda, likajinyoosha na kufungua vile vipande vyake viwili. Darasa lililipuka kwa shangwe hadi mwalimu mkuu akaja kuchungulia.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Haragwe limepanda na mbegu yake juu. Mbona mhindi umetoka mtupu? Kijana mmoja akashikilia kwamba punje imeliwa na sisimizi. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza. Nikawauliza, "Mtatuthibitishiaje?" Wakafukua taratibu kwa kijiko, mwenzao akirekodi. Punje ilikuwepo, imebaki udongoni, mzizi upande mmoja na mche upande mwingine. Wakaibonyeza, ikatoa ute mweupe kama maziwa. Video yenyewe inatetemeka, lakini siibadilishi kwa yoyote ya kwenye mtandao.

Kurekodi sauti za watoto wakisimulia video zao kulitusumbua zaidi. Darasani hazisikiki kwa kelele, nje kuna upepo. Tukahamia stoo ya vitabu, kila kundi likaingia na sentensi tatu zilizoandikwa kabisa. Bila kuandika kwanza, mtoto anaganda. Wakati wa kusikiliza, simu iwekwe ndani ya ndoo tupu ya plastiki, sauti inakua. Na ukiwatumia wazazi video kwa WhatsApp, itume kama faili la hati, la sivyo inafifia.

Yule kijana wa sisimizi aliomba asome yeye sentensi ya mwisho ya kundi lake. Aliirudia mara nne hadi akaridhika: "Punje haikuliwa. Imekaa chini inaulisha mche."