Miwani ya VR au skrini ya kawaida?

Wadau wa usalama kazini hapa Arusha na Moshi, kabla hamjanunua miwani ya VR (inayomwonyesha mvaaji mazingira ya kuigiza pande zote) jiulizeni mnafundisha nini. Aina za moto, lebo za kemikali na utaratibu wa kuripoti ajali vinatosha kabisa kwenye skrini ya kompyuta. Mwaka 2019 mtafiti Makransky na wenzake walichapisha utafiti wa maabara ya kuigiza: waliovaa miwani walijiona wamo ndani zaidi, ila walijifunza kidogo kuliko waliotumia kompyuta. Macho yanashangaa, kichwa kinajaa.

Miwani inalipa pale mwili unapohusika, kama kukagua jukwaa la ujenzi ukiwa juu au kutafuta mlango wa dharura moshi umetanda. Hata hapo, kila baada ya dakika 5 hadi 10 mwanafunzi aivue, aeleze hatua kwa maneno yake. Mtungi wa kuzimia moto ashike wa kweli. Kidhibiti cha mkononi cha VR hakina uzito wa mtungi wala pini inayogoma.

Kichefuchefu huja hasa picha ikisogea na mwili umetulia. Zima mwendo wa kusukuma kijiti cha kidhibiti, weka wa kuruka toka sehemu hadi sehemu, linganisha lenzi na umbali kati ya mboni za macho, na acha wazi nafasi ya mita 2 kwa 2. Asubuhi za Julai lenzi hushika ukungu, basi ziache zipate joto kwanza. Na miwani msiiweke dirishani jamani! Jua likipita kwenye lenzi, hata kwa dakika chache, huunguza skrini ya ndani.