Jina Nililolililia Fumba

"Mbona unalia, mwanangu? Hilo jina langu."

Sauti ilitoka kwenye jamvi la mbele, kwa bibi aliyekunja miguu, bakora imemlalia pajani. Mimi nilikuwa nimepiga magoti chini ya mwembe, katika ua wa nyumba moja kijijini Fumba, chungu nimekikumbatia na machozi ya kweli yananitoka. Mchezo ulikuwa haujafika hata robo. Wanawake waliojaa majamvini, watoto waliopanda juu ya matawi na wanaume wachache walioegemea ukuta, wote walinyamaza wasikie nitamjibu nini yule bibi. Na mimi jibu sikuwa nimeliandika.

Ilikuwa Agosti 2015, kusi inavuma kutoka baharini kiasi cha kunipeperusha kanga kila nikisimama. Lile lilikuwa onyesho letu la pili la majaribio. Tulipanga matatu kabla ya uzinduzi kwenye Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe, Unguja, na mchezo wenyewe nilikuwa nimeuandika na nauigiza peke yangu: dakika 70, mwanamke mmoja, kanga mbili, chungu kimoja. Ulikuwa mchezo wa maisha ya Siti binti Saad.

Siti alizaliwa papo hapo Fumba, yapata mwaka 1880, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, wazaliwa wa Unguja wote wawili lakini wenye asili ya bara na damu ya utumwa. Alifinyanga vyungu na kuviuza, akitembea kwa miguu mpaka mjini huku akinadi, na wazee husimulia kwamba watu waliijua sauti yake kabla ya kumjua sura. Mwaka 1911 akahamia mjini, akafunzwa kuimba kwa ala, na mwaka 1928 yeye na wenziwe wakavuka bahari hadi Bombay kutia taarabu ya Kiswahili kwenye santuri. Kutoka chungu hadi santuri: huo ndio uliokuwa mwendo wa mchezo wangu. Mimi ni Mzigua wa Handeni, na nilipojua kwamba mama yake alikuwa Mzigua, nilijiona nimepewa ruhusa ya kumsema kama ninavyomsema bibi yangu mwenyewe.

Roho ya mchezo lakini sikuiweka Bombay. Niliiweka kwenye jina. Kwani kabla ya kuitwa Siti, jina la heshima alilopewa mjini, jina lake la nyumbani lilikuwa Mtumwa. Kwenye dakika ya 12 nilimfanya mtoto wa kike amuulize mama yake kwa nini ameitwa hivyo, na mama asijibu. Basi mtoto anapiga magoti, analitaja jina lake mara saba, kila mara kwa sauti ya chini zaidi, mpaka sauti inakauka na kubaki kilio. Sehemu ile niliiandika kwa usiku mmoja, na tangu siku hiyo sikubadilisha hata nukta.

Onyesho la kwanza tulilifanya wiki moja kabla, usiku, kwenye kiukumbi cha Mji Mkongwe. Walikuja wasanii wenzangu, walimu, wageni wawili watatu. Tuliwagawia karatasi waandike maoni yao. Nyingi zilizorudi zilitaja sehemu ya jina. Moja ilikuwa na neno moja tu, "Nimelia", na karatasi hiyo niliikunja nikaitia kwenye mkoba wangu, nikawa naitoa kuisoma ndani ya daladala.

Aliyetaka twende Fumba ni mwongozaji wangu, dada mmoja wa Unguja ambaye hasemi sana. Mimi niliona kazi imeiva. Yeye akasema, "Huwezi kumpeleka mtu Ngome Kongwe kabla hujampeleka kwao." Tukaenda kwa sheha kuomba ruhusa. Alituuliza swali moja tu, kama mchezo una matusi, kisha akatuambia tuanze baada ya alasiri na tumalize kabla ya magharibi.

Sasa, jambo ambalo sikulifikiria ni mwanga. Ukumbini taa zinakupiga usoni wewe, hadhira iko gizani. Unasikia pumzi, kikohozi, kiti kinalia, lakini macho ya watu huyaoni, na hilo ni pazia kubwa kwa mwigizaji aliye peke yake. Chini ya mwembe saa kumi na nusu hapakuwa na giza la kujifichia. Nilimwona anayepiga miayo. Nilimwona anayemnong'oneza jirani na nikaona macho ya jirani yakinishuka kutoka kichwani mpaka miguuni.

Niliingia na chungu kichwani, nanadi, na kabla sijafika katikati ya ua, kicheko kikalipuka. Mwanamke mmoja wa makamo akanyanyuka jamvini akanifuata. "Wee, utakivunja! Kichwa kitupu hivyo?" Akakishusha chungu, akachukua upande wa kanga yangu ya begani, akauzungusha na kuusokota mpaka ukawa kata, akaniwekea utosini, akanitwika chungu tena, akarudi kukaa. Mwongozaji wangu alikuwa amenifunza kwamba litokee litakalotokea, nisitoke kwenye uhusika. Nikasema kwa sauti ya Siti, "Ahsante, mama." Ua mzima ukapiga makofi. Na kweli, chungu kilitulia kichwani kama hakijawahi kutulia katika miezi minne ya mazoezi. Shingo ilinyooka yenyewe, na sauti ya kunadi ikapata njia.

Baada ya hapo hawakuwa watazamaji tena kwa maana niliyoizoea mimi. Nilipouliza swali la mchezo, walilijibu. Nilipotaja njia ya kwenda mjini, mtu alinirekebisha nianzie wapi. Nilikuwa nimeandika mchezo wa mtu mmoja, na wao wakauchukulia kama hadithi, kwa hiyo walingoja pa kuitikia, na kila nilipovuta pumzi wakaitikia.

Ndivyo nilivyofika kwenye jina. Nikapiga magoti. Nikalitaja mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Machozi yakaja palepale yalipozoea kuja. Na bibi yule akaniuliza mbona nalia.

Kwa sekunde kadhaa nilitamani kujifanya sikusikia. Lakini macho yake yalikuwa juu yangu, hayana ukali, yanataka kujua kweli. Nikabaki kwenye magoti yangu, nikamuuliza kwa sauti ya yule mtoto:

"Nani alikupa, bibi?"

"Mama."

"Kwa nini?"

"Alizika watoto wawili kabla yangu. Mie akaniita hivyo nisionewe kijicho. Na nimeishi. Nina vitukuu hapa." Akaonyesha kwa bakora watoto wawili waliokuwa mtini.

Watu wakacheka, na mwingine akadakia kwamba shangazi yake naye aliitwa jina hilo hilo, na mwingine akasema la mama mkwe wake. Mimi nimekumbatia chungu changu, nageuza uso huku na huku. Kisha akazungumza bibi mwingine wa nyuma, mwembamba, amejitanda mpaka kwenye paji la uso. "Tusidanganyane," alisema. "Wengine walipewa kwa sababu ndivyo walivyokuwa."

Kicheko kikafa. Nadhani hata watoto mtini waliacha kutikisa matawi. Utumwa Unguja ulifutwa kisheria mwaka 1897, Siti akiwa msichana wa miaka kama 17. Kwa wazee wale hayo yalikuwa maisha ya bibi zao, watu waliowalea na kuwasuka nywele. Bibi wa mbele hakugeuka kumtazama aliyesema. Aliendelea kunitazama mimi.

"Ndiyo," akasema. "Wapo. Lakini huyo Siti hakukaa akalia kila akiitwa. Angepika saa ngapi? Aliitwa Mtumwa, akaitika abee, akenda kuteka maji."

Niliinuka. Sikumbuki niliruka mistari mingapi. Mwongozaji wangu aliniambia baadaye kwamba niliacha karibu dakika tano za mchezo. Nakumbuka tu kwamba nilikiweka chungu juu ya kata, nikaanza kwenda mjini, na wale wanawake wakaanza kunipigia makofi ya mwendo, taratibu, mpaka nikafika.

Sehemu iliyobaki ilikwenda kwa kasi nisiyoijua. Mpiga udi wetu hakuweza kuja siku ile, na nilikuwa nimeogopa sana sehemu ya nyimbo. Hofu yote ile ilikuwa bure. Nilipofika kwenye lile simango maarufu walilomtungia mahasidi wake wa mjini, kwamba ametoka shamba na kaniki zake mbili na kama si sauti angekula nini, nilisema maneno manne tu, waliobaki wakalimalizia kwa sauti moja, kina mama na mabibi. Na kabla sijafungua mdomo kwa jibu la Siti, kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili, walikuwa wameshalitoa wao, kwa nguvu, kana kwamba waliotukanwa ni wao na mtukanaji amesimama pale uani. Kule mjini mistari hiyo watu waliisikiliza kwa heshima, kama historia. Hapa ilikuwa kesi ambayo haijafungwa. Nilipoimba kidogo mwishoni, wakaanza kuja kunitunza mmoja mmoja, kwa mwendo ule wa kwenye taarabu, wakicheza. Bibi wa mbele alikuja wa mwisho kwa sababu ya mguu wake. Alinitia noti ya shilingi 1000 kiganjani, akanifumba vidole kwa mikono yake miwili, akasema, "Unayo sauti." Hakusema lingine. Magharibi ikaadhiniwa, watu wakatawanyika.

Ningependa kuandika kwamba nilirudi nyumbani nikishukuru. Nilirudi nimekasirika. Ndani ya daladala, chungu mapajani, nilimwambia mwongozaji wangu kwamba wale kina mama hawajazoea mchezo wa jukwaani, kwamba mtu hakatizwi katikati ya sehemu nzito, kwamba bibi yule ameivunja kazi yangu. Nikatoa ile karatasi ya "Nimelia" nikamwonyesha. Aliisoma, akanirudishia. Akauliza, "Huyu alimlilia nani?"

Sikulala. Niliyarudia mambo yote tangu mwanzo, na kilichoniuma zaidi ya kukatizwa ni ile sauti yake kuniita mwanangu. Alikuwa amenionea huruma. Nilikwenda kijijini kwao kulia kwa ajili yao, na mwenye jina akanibembeleza mimi. Miezi minne nilikuwa nikilitaja jina lile kama donda, na haikunipitikia hata siku moja kwamba kuna mtu analivaa, analiitikia, analiandikisha kwenye daftari la kupigia kura. Nao walionililia mjini, nawapenda na nawashukuru, lakini waliyaona machozi yangu. Sina hakika kama Siti walimwona.

Hata hivyo kulikuwa na bibi wa nyuma, na neno lake lilinizuia nisikimbilie upande wa pili. Ningeweza kuifuta sehemu nzima, au kuigeuza iwe ya kuchekesha, na hapo ningekuwa nimesema uongo mbaya zaidi. Maneno yale mawili yalikuwa ya kweli yote, na yalisemwa chini ya mwembe mmoja na watu wanaosalimiana kila asubuhi. Kwa siku tatu mwongozaji wangu na mimi tulikaa barazani kwake tukitafuta namna ya kuyaweka pamoja kwenye mwili wa mtu mmoja. Tulijaribu kuigiza sauti za mabibi wote wawili, ikawa mzaha. Tulijaribu maelezo, ikawa hotuba. Mwisho tukarudi kwenye kile alichokisema bibi mwenyewe. Jina linaitwa mara saba, kama zamani, lakini sasa analiita mtu aliye nje ya jukwaa, na kila likiitwa mtoto anaitika na kwenda kufanya kazi: kuteka maji, kuokota kuni, kukanda udongo, kumbeba mdogo wake. Machozi nikayaacha. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kulia, kwa sababu mwili ulishayazoea na yalikuja yenyewe. Ilinibidi niupe mikono shughuli za kweli, maji ya kweli, udongo wa kweli, ndipo yakakatika.

Onyesho la tatu tulilifanya Ng'ambo, kwenye ukumbi mdogo karibu na majumba ya Michenzani, watu wa kila aina, feni moja inazunguka. Taa zilirudi, macho ya watu yakapotea tena. Kata niliyofungiwa Fumba sikuifungua. Niliikata kwenye kanga kama ilivyo, nikaishona isifumuke, na mpaka leo ndiyo ninayoitumia.

"Mtumwa!" "Abee!" Nikateka maji. "Mtumwa!" "Abee!" Nikakanda udongo. Mara sita. Mara ya saba tulikuwa tumekubaliana kwamba sitaitika. Nitasimama tu, mikono ina udongo, niwatazame, nihesabu kumi, na kama kuna mtu ana neno alitoe.

Nikasimama. Nikahesabu. Upande wa wanaume mtu alikohoa. Mtoto aliuliza kitu akanyamazishwa. Nilifika kumi, nikahesabu kumi nyingine, na hakuna aliyesema. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikaweka kata utosini, nikajitwika chungu, nikaenda mjini.