Mfuko wa dawa wa shangazi

Shangazi yangu aliishi na magoti mabovu miaka mingi kabla ya Ramadhani ya 2017. Ni magoti ya mtu aliyekuna nazi juu ya mbuzi tangu usichana wake, akapika vitumbua na bajia za kuuza pale Ngamiani, Tanga, akichuchumaa na kuinuka mbele ya jiko tangu alasiri mpaka magharibi. Mtaani waliita baridi yabisi. Daktari aliyempiga picha alimwambia gegedu limelika, mifupa inasuguana, na hakuna kidonge cha kulirudisha. Kilichopo ni cha kutuliza maumivu na uvimbe. Shangazi akalishika hilo la mwisho.

Na kidonge kilimsaidia kweli. Nalisema hili kwanza, maana wengi wanaozisema vibaya dawa za maumivu hawajamwona mtu mzima akishuka kitandani kwa kushikilia ukuta. Akinywa diklofenaki, baada ya muda kidogo anatembea, anacheka, anawasha jiko. Kwa mtu anayeishi kwa kazi ya mikono, hilo si jambo dogo.

Mwaka ule nilirudi Tanga kufunga nyumbani. Nilimkuta amepauka, midomo haina rangi, na akitoka uani kuja barazani anahema. Alisema ni funga na umri. Dawa zake alikuwa akizinywa wakati wa daku na tena wakati wa kufuturu. Daku yenyewe mara nyingi ilikuwa chai ya rangi na tende, kwa kuwa hamu ya kula ilikuwa imemwisha, kisha anashinda kutwa bila tone la maji karibu na moto.

Alfajiri moja katika kumi la mwisho aliniita kutoka chooni. Alikuwa amekaa chini sakafuni, jasho linamtoka, mikono ya baridi. Choo alichopata kilikuwa cheusi kama lami, kinanata, na harufu yake nzito sijaisahau. Kumbe alikuwa akikiona hivyo kwa siku kadhaa, akadhani ni vile vidonge vya kuongeza damu alivyokuwa akimeza, kwani navyo hufanya choo kiwe cheusi. Tumbo halikuwa limemuuma hata kidogo. Baadaye nilielezwa kwamba hilo ni la kawaida kwa watu wazima wanaotumia dawa hizi: kidonda kinachimba kimyakimya, na dawa inayotuliza goti inatuliza na tumbo lisipige kelele.

Hospitali walimpima wakakuta damu imeshuka mpaka gramu 5 kwa desilita, na mwanamke hutakiwa awe na 12 au zaidi. Vijana wa mtaa waliokuwa wametoka kuswali alfajiri wakaja na kanzu zao kumtolea damu. Akawekewa dripu, akachomwa omeprazoli kwenye mshipa. Daktari wa zamu, dada mmoja mdogo kwa umri lakini mtulivu sana, alinigeukia akasema, "Nenda nyumbani ukalete dawa zake zote. Zote, hata za majani, hata alizopewa na jirani."

Nilirudi na mfuko wa rambo uliokuwa ukining'inia nyuma ya mlango wa chumba chake. Daktari akaumwaga juu ya meza na kuanza kupanga karatasi moja moja. Ya kwanza ilikuwa diklofenaki ya miligramu 50. Ya pili ilikuwa na jina jingine kabisa na pakiti ya rangi nyingine, kutoka duka jingine, lakini alipoigeuza akanionyesha maandishi madogo: diklofenaki miligramu 50 tena, imechanganywa na parasetamoli. Ya tatu ibuprofeni ya miligramu 400, aliyopewa na jirani. Kisha parasetamoli peke yake. Kisha aspirini ndogo ya moyo, losatani ya presha, na kidonge cha kukojoza maji, nacho cha presha. Na siku goti lilipokaza sana, kulikuwa na mtu wa kumchoma sindano.

"Hii, hii na hii ni jamii moja," daktari alisema, akigusa zile tatu za kwanza, "na aspirini ni ndugu yao."

Alihesabu mbele yangu. Diklofenaki ya pakiti mbili, daku na futari, inafika miligramu 200 kwa siku, na kiwango cha juu kwa mtu mzima ni 150. Juu yake ibuprofeni. Sikumlaumu yeyote kati ya waliomuuzia. Kila mmoja aliona kile alichokitoa yeye tu, na mfuko mzima haukuwahi kuwekwa mbele ya macho ya mtu mmoja.

Shangazi, amelala na damu inadondoka mshipani, akasema, "Lakini sindano haipiti tumboni, mwanangu."

Daktari akavuta kiti, akaketi. Alimweleza kwamba maumivu ya goti huletwa kwa sehemu na kemikali ambazo mwili wenyewe unazitengeneza, na diklofenaki na jamii yake huzizuia. Kemikali hizo hizo ndizo zinazoutunza ute unaofunika ukuta wa tumbo, na ndizo zinazoacha damu ipite vizuri kwenye figo. Dawa ikishaingia kwenye damu haichagui, iwe imemezwa au imechomwa. Kipimo cha figo nacho kilikuwa kimepanda. Losatani, kidonge cha kukojoza na dawa ya maumivu, vikikutana kwa mtu asiyekunywa maji mchana kutwa, figo hulemewa.

Kipimo cha kamera kilionyesha kidonda tumboni. "Mama," daktari alisema, "dawa za jamii hii kwako zimekwisha."

"Na magoti?"

Namshukuru yule daktari mpaka leo kwa kuwa swali lile hakulipuuza. Alimpangia parasetamoli kwa saa, akatuandikia tusivuke gramu 3 kwa siku. Akampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi, aliyemfundisha kukaa kwenye kiti, kunyoosha mguu na kuushikilia juu mpaka paja likaze, na kushika bakora kwa mkono wa upande usiouma sana. Figo zilipotulia, miezi baadaye, aliruhusiwa dawa ya kupaka magotini, kwa kuwa kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo. Mbuzi ya kukunia nazi ikapandishwa juu ya benchi. Kuswali juu ya kiti ndiko kulikomsumbua kuliko vyote; alilia, mpaka ustadhi wa jirani alipokuja kumwambia mgonjwa ana ruhusa.

Yule jirani wa ibuprofeni alikuja wodini akitetemeka. Daktari hakumgombeza. Alimuuliza umri, presha, kama aliwahi kuwa na vidonda vya tumbo, kama ana mimba. Hana. Akamwambia anaweza kuzitumia anapoumwa: kipimo kidogo kinachomtosha, baada ya kula, kwa siku chache, asichanganye na nyingine ya jamii ile. Asimgawie mtu tu.

Shangazi bado anapika. Mwaka jana nilimsindikiza dukani, na kijana muuzaji akampa pakiti mpya inayong'aa, akisema hii ndiyo kiboko ya magoti, watu wanaisifu. Shangazi akavaa miwani, akaigeuza, akasoma maandishi madogo polepole kwa kidole, kisha akairudisha juu ya kaunta.

"Hii ni diklofenaki," alimwambia. "Mimi nipe parasetamoli, baba. Na mwingine akija kununua hiyo, muulize kwanza ana presha au hana."