Kifungio cha skii kifyatuke lini? Namba ya DIN inavyopatikana

Ukienda kukodi skii, iwe Austria, Colorado au ndani ya Ski Dubai, utapewa fomu yenye maswali yanayofanana na umbea: una kilo ngapi, urefu gani, miaka mingapi, unatelezaje. Wengi hujaza harakaharaka, wakipunguza kilo tatu na kujipandisha daraja la uhodari. Majibu hayo ndiyo yanayoamua kama utakapoanguka buti litachomoka kwenye skii, au litang'ang'ania na mguu ndio ulipe.

Tuanze na chuma chenyewe. Kifungio, yaani kifaa kinachoshika buti kwenye skii, kina vipande viwili. Cha mbele kinashika ncha ya buti na hufyatukia pembeni mguu unaposokotwa. Cha nyuma kinakandamiza kisigino na hufyatukia juu mwili unapotupwa mbele. Kila kipande kina springi, skrubu ya kuikaza, na kidirisha chenye mstari na namba. Namba hizo ndizo watu huziita DIN. Skala ni moja kwa watengenezaji wote, hivyo 6 ya Marker na 6 ya Salomon zinakusudiwa kuwa sawa. Skii mbili, vidirisha vinne. (Skii za nyika, kama zile za Mkenya Philip Boit kwenye Olimpiki ya Nagano 1998, ni habari nyingine: kisigino kiko huru na skrubu hii haipo. Hapa tunazungumzia skii za kushuka mlima, mchezo wa Mkenya mwingine, Sabrina Simader.)

Namba haikisiwi, wala haiazimwi kwa rafiki mwenye umbo kama lako. Inatoka kwenye jedwali la kiwango cha kimataifa, ISO 11088, na jedwali hilo linataka vitu vitano: uzito, urefu, umri, aina ya mtelezaji, na urefu wa soli ya buti. Uzito na urefu hukupa herufi, na kila herufi ni mstari mmoja wa jedwali. Kilo 58 hadi 66 ni J, 67 hadi 78 ni K, 79 hadi 94 ni L. Kwa urefu, sentimita 158 hadi 166 ni J, 167 hadi 178 ni K, 179 hadi 194 ni L. Herufi mbili zikipishana, unachukua ile ya juu kwenye jedwali, yaani yenye namba ndogo. Mtu mrefu mwembamba hahesabiwi kwa urefu wake.

Kisha aina. Aina ya I ni mtu wa taratibu anayependa miteremko laini, na wanaoanza wote wamo humu; huyo habadilishiwi mstari. Aina ya II, wa kati, anashuka mstari mmoja. Aina ya III, anayekwenda kasi kwenye miteremko mikali, anashuka miwili. Umri ndio hupindua mambo: mwenye miaka 50 au zaidi anarudi juu mstari mmoja, na mtoto wa miaka 9 au chini vilevile.

Chukua mtu wa kilo 74, sentimita 181, miaka 52, aina ya II. Uzito unampa K, urefu unampa L, tunashika K. Aina ya II inamshusha hadi L. Umri unamrudisha K. Kwa K, kifungio kinatakiwa kuachia kwenye nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 50 za msokoto na 194 za kuinamia mbele. Sasa mtu huyohuyo aandike aina ya III na asahau kidogo mwaka wake wa kuzaliwa. Anaangukia M: 67 na 271. Ni kama theluthi zaidi kwenye msokoto, na asilimia 40 kwenda mbele, juu ya mfupa uleule wa miaka 52. Hakuna anayepewa medali kwa kusomeka 8 kidirishani.

Mpaka hapa una mstari tu, bado hujapata namba. Namba iko pale mstari unapokutana na safu ya urefu wa soli, na hapa ndipo watu huchanganya. Si saizi ya buti. Saizi ni 26.5 au 27.5, soli ni milimita. Tazama ubavuni mwa buti, karibu na kisigino: kuna tarakimu tatu zilizochorwa kwenye plastiki, mfano 305 au 315. Safu zinakwenda kwa milimita ishirini ishirini, 291 hadi 310, kisha 311 hadi 330. Soli ndefu ni wenzo mrefu, kwa hiyo mtu yuleyule akivaa buti refu namba hupungua. Mabuti mawili ya saizi moja kutoka viwanda viwili yanaweza kuangukia safu tofauti. Ukibadili mabuti, hesabu inaanza upya.

Sasa lalamiko linalosikika sana mlimani: skii inachomoka yenyewe bila mtu kuanguka. Dawa ya wengi ni bisibisi, zungusha kufuata mwendo wa saa, ongeza moja. Mara nyingi ni kutibu pua kwa ugonjwa wa sikio. Kwanza angalia chini ya buti. Theluji iliyokanyagwa ikaganda kuwa barafu inainua buti, na kifungio kinashika nusu nusu. Kwangua kwa fimbo yako au kwa ukingo wa kifungio, kisha ndipo ukanyage.

Barafu ikiwa haipo, mshukiwa anayefuata ni msukumo wa mbele, yaani jinsi kipande cha nyuma kinavyosukuma buti kwenye cha mbele. Hupangwa kwa kusogeza kipande cha nyuma kwenye reli yake, na hauhusiani na DIN. Una alama yake mwenyewe; kwenye vifungio vingi vya Marker, buti likiwa ndani, kichwa cha skrubu ya nyuma kinatakiwa kulingana sawasawa na kasha lake, kisizame wala kisichomoze. Msukumo ukiwa mdogo, buti linaponyoka hata DIN iwe 10. Ukizidi, kifungio kinaweza kugoma kuachia huku kidirisha kinasoma 5 kwa utulivu kabisa. Ndiyo maana msukumo hupangwa kwanza, namba baadaye.

Soli nayo iwe ya aina inayokubaliana na kifungio. Ya kawaida ya mlima ni ISO 5355, GripWalk, soli ya mlima iliyorahisishwa kwa kutembea, ni ISO 23223, na ya kupandia ni ISO 9523, yenye raba na mkunjo. Raba ya kupandia kwenye kifungio cha zamani cha mlima hunata pale inapotakiwa kuteleza, na msokoto hauachii. Soli iliyoliwa kwa kutembelea lami kwenye maegesho huharibu hesabu hiyohiyo. Nunua vifuniko vya soli, bei yake ni ndogo.

Kuna jaribio dogo la nyumbani. Funga buti tupu kwenye skii, weka goti juu ya skii, sukuma ncha ya buti pembeni kwa kiganja kwa nguvu. Kipande cha mbele kifuate kidogo kisha kirudi katikati chenyewe. Kikibaki kimeelekea upande, kuna uchafu, kutu au springi iliyochoka. Chumvi ya barabarani hufanya kazi hiyo skii zikisafirishwa juu ya gari bila kufunikwa. Jaribio hili halipimi namba. Kupima ni kazi ya mashine ya fundi, na kidirisha kinaweza kusema 6 huku springi ikitoa 7.

Goti lisitegemee sana haya yote. Kifungio kilibuniwa kuokoa muundi, na tangu miaka ya 1970 mivunjiko ya muundi imepungua sana. Kano za ndani ya goti hazikufaidika hivyo, kwa sababu mtu akianguka kinyumenyume huku mkia wa skii unamsokota, ncha ya buti haipati nguvu ya kutosha kufyatua. Kushusha DIN chini ya jedwali hakuondoi tatizo hilo, na kunakuletea skii inayokutoka kwenye kasi.

Skii za mtumba zina neno lake. Namba iliyomo ni ya mwenye nazo wa kwanza, na msukumo wa mbele ulipangwa kwa buti lake. Kabla ya kulipa, hakikisha DIN yako inaangukia ndani ya masafa ya kifungio, si pembeni kabisa: mtu wa 4 asinunue kifungio cha 4 hadi 13. Kisha piga simu kwa fundi umtajie modeli. Watengenezaji huziondoa modeli za zamani kwenye orodha wanazozidhamini, na maduka mengi Marekani hayagusi kifungio kilichotoka kwenye orodha hiyo, hata kiwe kinang'aa.