Siku cherehani ilipokubali kwenda pole

Cherehani yenyewe niliipata kwa fundi wa viti vya magari aliyekuwa anafunga kazi. Ilikuwa ya kiwandani, sindano moja, yenye mguu unaotembea: mguu wa ndani unashuka pamoja na sindano, unaishika kazi na kuirudisha nyuma, halafu wa nje unakandamiza wakati wa ndani unarudi mbele. Kwa ngozi nene hicho ndicho unachokitaka, maana meno ya chini peke yake husukuma tabaka la chini tu, la juu likabaki linavutwa na kukunjamana. Mashine ilikuwa nzima. Shida ilikuwa chini ya meza, kwenye mota ya klachi.

Asiyeifahamu mota hii hudhani pedeli ndiyo inayoiongezea mwendo. Sivyo. Ukiiwasha inazunguka kwa kasi ileile muda wote, ushone usishone, na mvumo wake unajaa chumba kizima. Kazi ya pedeli ni kusogeza kisahani chenye koki kikaguse gurudumu zito linalozunguka; kikigusa, cherehani inaondoka. Anayeshona mashuka hana malalamiko. Sisi wa ngozi tunabaki kubembeleza nusu klachi kama dereva wa lori aliyesimamishwa mlimani, na kila mguu ukichoka kidogo, mashine inaruka.

Kitambaa ukikosea unafumua, unapiga pasi, nyuzi zinajirudia na tundu linapotea. Ngozi haina huruma hiyo. Tundu la sindano namba 22 ni tundu milele, na likipita mstari kwa mshono mmoja tu, kila atakayelishika begi ataliona kabla hajaona kitu kingine.

Wakati huo tulikuwa na kazi ya mikanda ya mabegi. Kila mkanda una tabaka tatu za ngozi ya ng'ombe, milimita 2.5 kila tabaka, na penye bizimu, kile kifungio cha chuma, panashonwa kisanduku kidogo chenye msalaba katikati. Pembe za kisanduku hicho ndizo zilizotushinda. Sindano inatakiwa itue palepale kwenye kona, isizidi wala isipungue, ndipo unyanyue mguu na kugeuza kazi. Kwa mota ile haikuwezekana, kwa hiyo tulikuwa tunaizima na kuzungusha gurudumu kwa mkono, mshono kwa mshono. Kijana niliyekuwa namfundisha alilala na bega linalouma, na mimi nililala nikihesabu mikanda iliyobaki.

Jirani yangu, fundi umeme, akasema dawa yake ni rahisi: reguleta ya feni. Nilimwambia sina imani nayo, lakini alikuwa ameshaitoa mfukoni. Akaifunga, tukawasha. Mota ikavuma kwa sauti nzito zaidi, cherehani ikazunguka hewani karibu na kasi ileile, na sindano ilipogusa ngozi ikasimama kabisa. Haikuchukua muda, ganda la mota likawa halishikiki kwa moto na harufu ya vanishi ikaanza. Tukazima.

Sababu yake naieleza hapa kwa sababu watu wengi wanapitia njia hiyohiyo. Mota ya aina ile hufuata mapigo ya umeme. Kwa umeme wa mapigo 50 kwa sekunde na mota ya ncha nne za sumaku, nguvu ya sumaku ndani huzunguka mara 1500 kwa dakika, na shafti huifuata ikiwa nyuma kidogo. Kibati cha yetu kiliandikwa 1425. Reguleta haigusi mapigo, inachofanya ni kuinyima mota nguvu tu. Feni inaridhika kwa sababu inasukuma hewa. Sindano inakutana na milimita 7.5 za ngozi.

Aliyetutoa hapo ni mzee mmoja, fundi mitambo mstaafu, aliyekuja kushonewa mfuko wa miwani. Nikamwamkia, akaitika marahaba, lakini macho yake yalikuwa yameshafika chini ya meza. Akaomba rula. Akapima puli ya mota, yaani gurudumu linalobeba belti: milimita 110. Akapima ya juu, kwenye gurudumu la mkono: 75. Kisha akachukua kalamu na kipande cha ngozi mbovu, akaandika 1425 mara 110, gawa kwa 75. Ikaja 2090, mizunguko ya cherehani kwa dakika, na kila mzunguko ni mshono mmoja.

"Hii ni mishono 35 kwa sekunde," akasema. "Mwanangu, unashona au unakimbizwa?"

Kijana akacheka, nami nikacheka, ingawa swali lilikuwa na uzito wake. Mzee akaendelea. Tukiweka puli ya 50 kwenye mota, tunashuka hadi mishono 950 kwa dakika. Ni nafuu, lakini bado ni karibu 16 kwa sekunde, na huwezi kuendelea kupunguza puli hiyo kwa sababu belti ikikunjwa kwenye kiduara kidogo mno haina pa kushika, inateleza. Kwa hiyo kunatakiwa shafti ya kati: puli ndogo ya mota iburute puli kubwa ya 200, na kwenye shafti hiyohiyo kuwe na puli nyingine ya 50 inayopandisha belti kwenda kwenye gurudumu. Akapiga hesabu tena. Mishono 237 kwa dakika, pedeli ikiwa imekandamizwa hadi mwisho. Minne kwa sekunde.

Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo huwa nayarudia kwa kila anayeniuliza: "Ukipunguza mwendo kwa kuibana mota umeme, unapoteza na nguvu. Ukipunguza kwa puli, mwendo unaopungua ndiyo nguvu inayoongezeka."

Kijana alikuwa na hoja. Alisema tukiongeza puli katikati, cherehani itazunguka kinyumenyume. Nilikuwa tayari kumkubalia, maana nimeona magurudumu ya meno yanavyogeuzana. Mzee akamwambia meno ndiyo yanayogeuza. Belti haigeuzi kitu, labda uikunje iwe kama nane. Akachukua vikombe viwili na uzi, akamwonyesha palepale.

Fremu tulichomelewa kwa vyuma vya pembe, na mkereza akatutengenezea shafti na kuiweka kwenye beringi mbili. Hilo lilikuwa jepesi. Kazi ilikuwa kuifunga. Puli ya sentimita 20 si kitu kidogo chini ya meza, na ile yetu ilitaka kukaa hasa pale kilipo chuma cha goti, kile unachokisukuma ili mguu wa cherehani unyanyuke huku mikono yote ikiwa kwenye kazi. Fundi mmoja aliyekuwa anapita alishauri tukiondoe chuma hicho. Nikakataa. Mtu anayeshona kona za ngozi bila kinyanyuo cha goti anahitaji mkono wa tatu. Tukaisogeza fremu nyuma, tukapanua tundu la belti mezani, na chuma cha goti kikakunjwa kidogo kikapita pembeni.

Kupanga puli katika mstari mmoja ndiko kulikonivutia kuliko yote. Mzee alichukua uzi uleule wa kushonea, akaupaka nta ukanyooka, akaulaza kwenye uso wa puli mbili huku ameukaza. Uzi ulitakiwa uguse sehemu nne, kingo mbili za kila puli. Penye mwanya wa mwanga, alilegeza bolti, akaingiza washa, akakaza, akalaza uzi tena. Alisema belti inayokwenda upande haikatiki siku ya kwanza. Inajilamba ubavu mmoja polepole, inamwaga unga mweusi sakafuni, na siku ikikatika utailaumu belti. Kukaza nako alikupima kwa kidole gumba: ukibonyeza katikati ibonyee kama sentimita moja. Ikiwa legevu inateleza, ikikazwa kama waya inakula beringi.

Mwisho kabisa akahamisha fimbo ya pedeli kwenye tundu la mbali la mkono wa mota. Sikuona maana yake mpaka nilipokanyaga. Mguu ulikuwa na safari ndefu zaidi kabla klachi haijashika vizuri, na ndani ya safari hiyo ndimo ulimo utulivu wote.

Tukawasha. Mvumo uleule. Nikaweka mkanda, tabaka zote tatu, nikakanyaga. Kwa mara ya kwanza kwenye mashine ile niliona kinachofanyika: sindano inaingia, ngozi inazama kidogo kuizunguka halafu inakubali, mguu wa ndani unavuta, uzi unalala, wa nje unashuka. Tak, tak, tak. Penye ukingo wa bizimu, ambapo zamani mashine ilikwama na belti ikapiga kelele, ilipita bila kubadilisha sauti. Nilifika kona, nikaachia, sindano ikiwa chini, goti likanyanyua mguu, nikageuza. Msalaba wa katikati ulikutana palepale.

Mzee alinipa onyo moja kabla hajachukua mfuko wake wa miwani. Zamani uzi ukijisokota kwenye bobini, belti ilikuwa inateleza na kuiokoa mashine. Sasa ina nguvu karibu mara tisa na haina pa kukatia tamaa. Itavunja sindano, itasogeza ndoano ya chini inayokamata uzi, na kidole haitakijua kuwa ni kidole. Ukisikia sauti ngeni, mguu utoke kwanza, maswali baadaye.

Siku hizi watu wananishauri niweke mota ya servo, ile ya kielektroniki, na kwa kweli ina mazuri yake: haingurumi usiposhona, na ina kitufe cha kuweka mwisho wa mwendo. Nimezijaribu kwa wenzangu. Lakini nyingi kati yake ukiziteremsha sana zinasita penye unene, na wenye nazo wanaishia kuongeza shafti ya kati kama yangu.

Aliyekosa raha ni kijana. Mikanda aliipenda, ila bitana za ndani za mabegi, mistari mirefu isiyo na kona, zilimchosha kwa mwendo ule hata akaanza kusinzia kazini. Nikamtafutia cherehani nyingine ya nguo, ya mota ya klachi, tukaiweka upande wa dirishani. Huko anakimbia anavyotaka.