Nilivyotaka kulipia neno "Sport" kwenye Axela ya mkononi

Mimi nimeendesha Toyota IST miaka sita. Sina ubaya nayo, imenipeleka Singida na kurudi mara sijui ngapi na haijawahi kunilaza njiani, ila ilifika mahali kila nikiwa kwenye foleni ya Mwenge Mazda Axela ikipita pembeni nageuza shingo kama kijana wa kidato cha pili. Mke wangu akasema basi uza hiyo nunua unayoitaka, kuliko kila siku kunionyesha picha za magari usiku nikiwa nataka kulala. Nikauza. Nikawa na milioni 26 kasoro kidogo, ya IST na akiba, na sikutaka kuagiza Japani kwa sababu gari niliyoitaka ni ya 2014 na ukifika kwenye ushuru wa uchakavu TRA wanakukumbusha umri wa gari vizuri sana. Kwa hiyo ya mkononi, namba D za mwisho mwisho au E.

Dalali wa kwanza alinipeleka Tegeta kuona moja nyekundu. Asee ile gari ilikuwa imesimama. Rimu za inchi 18, spoila, siti zimevishwa ngozi, fulu kipupwe, kioo cha skrini juu ya dashibodi. Anataka 24. Axela zingine za mwaka huohuo nilikuwa nimeziona kwa 19 na 20, nikamuuliza hizo nne za nini, akanijibu bila hata kupepesa, "Bosi, hii siyo Axela ya kawaida, hii ni Axela Sport. Gredi ya juu." Akanionyesha na karatasi zilizokuja nayo toka Japani, kweli imeandikwa Axela Sport. Nikaangalia kadi, cc 1496. Nikamuuliza mbona injini ni ileile ya hizi za 20? Akasema Sport ni gredi bosi, siyo injini. Na mimi nikakubali! Nilikuwa tayari mfukoni natafuta namba ya benki ili nilipe advansi, kilichoniokoa ni kwamba mwenye gari alikuwa safarini Dodoma na funguo ya pili anayo yeye.

Jioni nikampigia binamu yangu ambaye aliwahi kuwa na Impreza. Alicheka mpaka nikakasirika. Kumbe yeye alishapigwa kwa neno hilohilo. Kule Japani Axela Sport maana yake ni yenye milango mitano, ya mkia mfupi, basi. Yenye buti inaitwa Axela Sedan. Ni jina la bodi. Subaru nao walifanya hivyohivyo, Impreza Sport ni hachibeki na yenye buti ni Impreza G4, kwa hiyo unaweza ukawa na "Sport" yenye cc 1600 ambayo ikipanda kilima unaisukuma kwa mdomo. Ukitaka Axela ambayo ni sport ya kweli kweli ilikuwa Mazdaspeed, cc 2260 ina turbo, manyuo tupu, lakini hiyo ni ya vizazi vilivyotangulia, kizazi hiki cha 2013 kuja 2019 hawakuitoa.

Hapo ndo nikaanza kusoma gredi zenyewe usiku, na nitaeleza nilichokielewa mimi kwa sababu kilinisaidia kuliko fundi yeyote.

Kwenye hizi Axela za kizazi cha BM, yani hiki cha 2013 kuja 2019, jina la gredi linaanza na injini. 15C na 15S ni cc 1500 ya petroli, nguvu za farasi 111. 20S ni cc 2000 ya petroli, farasi 155. 22XD ni dizeli ya 2200, farasi 175 lakini nguvu ya kuvuta ni 420 Nm, wakati ile ya 2000 ina 196 na ya 1500 ina 144, yani dizeli ni mnyama mwingine kabisa. Halafu juu ya hapo unaongezewa maneno kama Touring na L Package, ambayo ndo mambo ya rimu, ngozi, taa na vikorokoro. Sasa ubaya ni kwamba vikorokoro vyote vinauzwa Kariakoo. Rimu unanunua, spoila unanunua, ngozi unashonesha. Injini haishonwi.

Na uzuri ni kwamba huhitaji kumuuliza mtu. Chukua kadi ya gari, angalia namba ya chasisi. Zilizotoka Japani chasisi inaanza na herufi na hizo herufi zinasema kila kitu. BM5FS: BM ni kizazi, 5 ni injini ya 1500, F inaendeshwa na matairi ya mbele, S ndo hiyo Sport yetu ya milango mitano. Ikiwa BM5FP ni sedani. BMEFS ni ya 2000. BM2FS ni dizeli ya 2200. Ukiona A pale kwenye F ujue ni ya kuvuta matairi yote manne. Nikafungua picha ya kadi ya ile nyekundu niliyokuwa nimeipiga kwa simu, BM5FS. Milioni nne za herufi S.

Ila chasisi ina mwisho wake, haikuambii kama ni 15C au 15S, wala kama 20S ni ya kawaida au Touring. Hapo unatumia macho. Kitu nilichokipenda zaidi ni geji. Axela za gredi ya chini pale katikati mbele ya dereva kuna geji kubwa ya spidi. Zile za juu, zenye kile kikioo kidogo kinachoinuka juu ya dashibodi kukuonyesha spidi, katikati kuna geji kubwa ya mizunguko ya injini na spidi imeandikwa kwa tarakimu ndani yake. Mtu kubadilisha dashibodi nzima ili akudanganye ni kazi, rimu ni dakika ishirini. Kwa hiyo toka siku hiyo nikitumiwa picha ya gari sitaki picha ya nje kabisa, nasema nitumie kadi na geji ikiwa imewashwa. Madalali watatu walinikatia mawasiliano hapohapo. Na kama una wasiwasi zaidi, kwa namba ya chasisi unaweza kununua ripoti ya mnada wa Japani, gredi imeandikwa mle pamoja na kilomita ilizokuwa nazo siku inauzwa, mimi nilifanya hivyo kwa gari moja tu maana ni hela na siyo kila chasisi inapatikana.

Dizeli nilitaka kidogo inipagawishe. Nilipata 22XD Mbezi Beach, bei nzuri ajabu, nikaijaribu, ukigusa tu mgongo unabanwa kwenye siti. Fundi wangu wa Kinondoni akaniuliza swali moja, "Kaka unaenda nayo wapi kila siku?" Nikamwambia Goba kwenda Posta. Akasema basi achana nayo. Hizo dizeli zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na ili lijisafishe lenyewe gari inatakiwa itembee mwendo mrefu wa haraka, sasa wewe ukiwa kila siku ni foleni, zima washa zima washa, masizi yanajaa na taa inawaka. Akaniambia na bei yake nzuri inawezekana ndo sababu. Kama ningekuwa natembea Dar Mbeya kila wiki ningeichukua bila kufikiri.

Basi zikabaki mbili. 15S safi sana ya mama mmoja wa Makongo, milioni 19.5, rimu zake za kiwandani inchi 16, kila sevisi ameandika kwenye daftari. Na 20S Touring ya jamaa wa Kimara, anataka 27. Chasisi BMEFS, geji ya mizunguko katikati, kikioo kinainuka, vitufe vya gia nyuma ya usukani vipo. Nilizijaribu zote siku moja, na hii nashauri mtu afanye, usijaribu moja leo na nyingine wiki ijayo maana unasahau na moyo unadanganya. Njia ni ileile, Kimara mpaka Kibaha ile ya njia nane halafu kurudi kwa barabara za ndani zenye mashimo.

15S siyo mbaya, nataka niwe mkweli. Mtu akitoka IST ataona amefika. Usukani uleule, sapensheni ya nyuma ni ya mikono huru kama ya mkubwa wake, sanduku la gia ni lilelile la gia sita. Ikiwa peke yako humo ndani unafurahi. Lakini nilikuwa nimembeba fundi na shemeji yangu ambaye siyo mwembamba, AC imewashwa, nikataka kupita lori, nikakanyaga, ikapiga kelele nyingi halafu ikawa inafikiria. 20S pale pale na watu walewale ilipita lori nikiwa bado naongea.

Kurudi kwenye barabara za ndani mambo yakageuka. 20S na zile rimu za 18, tairi ni 215/45, pembeni mpira ni mwembamba kama chapati, kila shimo unalisikia kwenye meno. Rasta za barabarani nilikuwa nazihesabu. 15S na tairi zake 205/60 za 16 ilipita mlemle kama inateleza. Shemeji akasema chukua ya mama. Fundi akanyamaza, halafu akaniambia kitu ambacho ndo kilimaliza mjadala, kwamba kimo cha hizo tairi mbili kinakaribia kulingana, tofauti haifiki milimita mbili, kwa hiyo rimu za 16 zinaingia kwenye 20S na geji ya spidi haidanganyi. Nguvu ya injini huwezi kuhamisha, ulaini wa tairi unahamisha.

Tukaipima 20S kwa mashine, hakuna kosa kubwa. Shokapu moja ya nyuma ilikuwa inalia mafuta, mauntini ya injini imechoka, bampa ya nyuma imepakwa rangi. Fundi alivyoyataja moja moja jamaa wa Kimara akashuka mpaka 25.2. Tukaangalia faini za trafiki kwenye mfumo, kulikuwa na mbili za mwendokasi akazilipa mwenyewe, tukabadilisha umiliki. Shokapu na mauntini vilinila karibu laki sita na ufundi wake.

Rimu nilibadilishana na kijana mmoja wa Goba mwenye 15S, alikuwa anazililia za 18. Akanipa zake za 16 na tairi bado mbichi, na juu yake laki saba. Kila mtu aliondoka anaona amempiga mwenzake. Mafuta mjini inanipa kama kilomita 9 au 10 kwa lita, safari ndefu 15 nikiwa na adabu, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei mpya mke wangu ananitumia bila kuandika neno.

Mwezi uliopita nilikuwa nasafisha gari pale karibu na Tegeta, nani anatokea, yule dalali wa nyekundu. Hakunikumbuka. Akaizunguka gari, akaangalia rimu, akatikisa kichwa. "Bosi hii 15S ulichukua ngapi? Kwa hizi rimu za 16 usiniambie ilizidi 19."

Nikamwambia kumi na nane na nusu.

Akasema, "Hapo sawa, hukupigwa."