Kichuguu cha wifi yake

Neno lenyewe ni moja tu, "Utaoza," na tangu Jumamosi limenikaa kichwani. Matokeo ya kidato cha nne yametoka, Neema kapata daraja la pili (asanteni nyote mliomwombea), ofisini tumehamishiwa ghorofa ya chini, na bado nikiosha vyombo namsikia yule mama.

Tulikuwa kwenye matembezi yetu ya uyoga, kundi lile lile, safari hii kwenye miombo kabla hujafika Mafinga. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na ardhi ilinukia vizuri. Mama aliyetuongoza ni mwenyeji wa pale, mtu mzima sana, anatangulia na kapu lake na hainami mpaka awe na hakika. Ule uyoga wa njano ambao mikunjo yake inateremka hadi kwenye mguu tuliukuta kwa wingi, na ule unaotoa maziwa ukiukata pia. Kaka mmoja akachuma mweupe mkubwa kando ya shamba, mzuri wa kutamanisha. Mama akaupindua, akamwonyesha chini ya kofia palivyoanza kugeuka kijani, akautupa mbali. "Huo utakutapisha mpaka uite mama yako." Tulipoingia kwenye misindano hakugusa kitu. Uyoga wa kule ulikuja na miti yake kutoka ng'ambo, na kwao hawaujui.

Wakati wa kurudi, yule kaka mwenye kamera akauliza.

"Mama, asubuhi ulisema bondeni kuna kichuguu kinachotoa."

"Kipo."

"Twende basi, jua bado."

"Kile ni cha wifi yangu."

"Si ulisema wifi yako yuko Dar?"

"Yuko Dar."

"Sasa mama, si utaoza bure?"

"Utaoza."

Akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akaendelea kushuka.

Uyoga wa kichuguu hakuna mtu anayeupanda. Mchwa ndio wanaoulima humo ndani, juu ya majani na vijiti walivyotafuna, na ndio chakula chao. Mvua zikikolea unapasua udongo, mguu wake ukiwa umeshuka chini kabisa hadi shambani kwao. Kichuguu kikiwa hai, unatokea pale pale mwaka hadi mwaka, kwa hiyo anayekijua ana ghala. Ila hauvumilii. Kofia ikishafunguka, muda si mrefu funza wameingia. Mama alijua anachokisema, na alikisema bila kupunguza.

Nilirudi nyumbani nimejaa furaha. Niliona ni heshima ya aina ambayo siioni tena mjini, mtu kuacha chakula kizuri kiharibike kwa sababu mwenyewe hayupo kukitolea ruhusa. Nikausimulia mkasa wote mezani, tukila ule wa njano kwa karanga na ugali. Baba Neema akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Labda hawasalimiani. Hata mwenye hasira hagusi cha mwenzake."

Nilinyamaza. Sijamjibu mpaka leo.

Tangu hapo nalirudia lile neno nikitafuta hasira ndani yake. Siipati. Alisema "wifi yangu", hakusema "yule". Lakini pia hakutabasamu, na hakusema tumpigie simu, na simu alikuwa nayo mkononi, maana muda wote alikuwa akiangalia saa humo. Nikilala naona upendo, nikiamka naona ugomvi wa miaka. Na sitaki uwe ugomvi. Sitaki kabisa.

Nami nina wifi, na habari za shamba letu la Ifunda lenye upande wake mnazijua, sitazirudia. Parachichi za upande huo wa wifi yangu zimekomaa, na kila nikipita majirani wananiambia chuma dada, zinadondoka bure, mwenyewe yuko Mbeya atajuaje. Sijachuma hata moja. Nami nikiulizwa ni kwa nini, ningependa kujibu kwa neno moja kama yule mama, mbele ya watu, bila sauti kutetemeka. Jumanne nilimpigia wifi, hakupokea. Jana kaandika, "Hongera kwa Neema, Mungu amtunze." Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi pia.

Kundi limeanza kupanga matembezi ya mwezi ujao. Nimewaambia wazi kwamba mama yule asiulizwe tena kuhusu bondeni, na yule kaka amekubali.

Halafu kuna macho ya mama yangu mzazi. Bado anakataa kupimwa, anasema anaona vizuri tu, na jana chai ameimimina pembeni ya kikombe akaendelea kuongea. Kliniki ya macho ni Alhamisi, ofisini siku hiyo tunafanya hesabu za mwezi, na sijapata wa kumsindikiza.